Cheka ukitaka, lakini Simba alistahili machozi

Wiki mbili zilizopita niliweka picha ya mbwa kwenye stetasi yangu ya WhatsApp, nikaandika, "Lala salama, Simba." Kufikia jioni simu ilikuwa imejaa vicheko. Msee mmoja aliniuliza kama kuna kamati ya mazishi atume mchango. Mwingine akasema siku hizi nimeanza uzungu.

Sawa, cheka. Ukimaliza, kaa hapo nikupe stori.

Nilimjua Simba 2021, mwaka nilioacha chuo. Karo ilikwama, nami nikakwama nayo. Mathe akaniambia nipande basi niende kwa babu Kibwezi, angalau kwetu Umoja pawe na sahani moja pungufu. Ukifika ushago baada ya kuacha chuo, watu wanakuangalia kama deni. Kila unayekutana naye anauliza, "Unarudi shule lini?" Babu hakuuliza, lakini nilijua anataka kuuliza. Simba peke yake ndiye hakuwa na swali. Asubuhi ya pili nilimkuta amelala mlangoni kwangu.

Alikuwa mbwa wa kienyeji tu, rangi ya vumbi la huko, sikio moja limechanika, mbavu unazihesabu. Ungempita barabarani bila kugeuka. Lakini babu akichukua upinde, mbwa yule alikuwa anageuka kiumbe kingine. Pua chini, kimya kabisa. Kazi yake ilikuwa kunusa, kumfurusha sungura au digidigi kutoka kichakani na kumkimbiza kuelekea alipo babu. Akibweka mara moja, kuna kitu. Akibweka mfululizo, ni nyoka, na wewe simama hapo hapo. Siku moja alibweka hivyo nikasimama. Hatua mbili mbele yangu bafe alikuwa amejikunja kwenye majani makavu. Kwa hivyo ninaposema niko hai kwa sababu ya Simba, si maneno ya stetasi.

Najua unachofikiria. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimsamehi hata anayetafuta kitoweo cha nyumbani. Babu alijua. Mimi nilijua. Babu ana jibu lake: baba yake aliwinda, babu yake aliwinda, na yeye hauzi nyama. Nilikuwa nalikubali jibu hilo. Siku hizi naona kasoro moja. Sisi tulijua sheria tukachagua kuivunja. Simba hakuchagua chochote. Yeye alienda tulikomwelekeza.

Sasa sikia alivyokufa.

Desemba nilienda kusalimia. Babu magoti yamemwishia, hatembei sana msituni, kwa hivyo alinionyesha jinsi ya kukunja waya uwe kitanzi. Nikatega mitego minne kwenye vijia vya digidigi karibu na mto. Haikunasa kitu. Januari nikarudi Nairobi kutafuta riziki, mitego nikaiacha huko. Nilisahau. Ndio hivyo tu, nilisahau.

Juzi babu alinipigia usiku. Babu hapigi simu usiku.

"Kijana, Simba amepatikana."

Nikafurahi, sikujua hata kama alikuwa amepotea.

"Amepatikana kwa waya. Ule wako wa mtoni."

Hakunilaumu, na hilo ndilo linaniuma hadi leo. Mnyama akinaswa na kitanzi anavuta kwenda mbele, na kadiri anavyovuta ndivyo kinavyokaza. Mtego haujui nani ni digidigi na nani ni mbwa aliyekulinda. Unakamata anayepita. Na Simba alikuwa anapita njia niliyomzoesha mimi.

Susu aliniambia babu alichimba kaburi mwenyewe, na yale magoti yake, chini ya mwarobaini. Jioni hakula. Huyu ni mzee ambaye hajawahi kupanda ndege, na ukimwambia kuna mbwa wanaolala kitandani Nairobi atafikiri unamdanganya. Basi niambie, uzungu uko wapi hapo? Sisi ndio tumezoea kulindwa na mbwa usiku kucha, halafu asubuhi tukikasirikiana tunatukanana "mbwa wewe." Tunakula jasho lake na jina lake tunaligeuza tusi.

Maoni yangu ni haya. Kumlilia mbwa aliyekufanyia kazi si jambo la kuonea aibu. Aibu ni kumlilia huku unaficha ulichomfanyia. Ningeweza kuacha ile picha na maneno matamu, watu wakanionea huruma. Lakini Simba hakuuawa na uzee wala ugonjwa. Aliuawa na uzembe wangu, katika kazi ambayo hatukupaswa kumpa.

Mitego ilikuwa minne. Mmoja ndio huo. Mitatu bado iko huko, na babu hajui ilipo, ninayejua ni mimi. Jumamosi napanda basi la Kibwezi kwenda kuitoa. Nitapitia pale kwa mwarobaini kwanza.

Wewe cheka tu. Lakini kama na wewe una waya uliouacha mahali, tafadhali, nenda ukautoe.