Jalidi ya Kericho na Hesabu ya Joto

Mwalimu mmoja wa Kericho aliniuliza juzi swali ambalo wengi wetu huliepa: ikiwa dunia inazidi kupata joto, mbona Januari 2012 jalidi iliunguza majanichai ya huku kwetu?

Naungama kwamba sehemu ya lawama ni yetu sisi wanaisimu. Kwa miaka mingi tuliyaachia maneno "hali ya hewa" yabebe dhana mbili: mvua ya leo jioni na mwenendo wa miongo mizima. Dhana ya pili sasa ina jina lake, tabianchi. Usiku mmoja wa jalidi ni hali ya hewa. Hauwezi kuikanusha tabianchi, kama vile mwanafunzi hodari hawi mjinga kwa kuanguka jaribio moja.

Isitoshe, Kericho yenyewe imewahi kuwa uwanja wa mjadala huu. Wataalamu walipobishana kuhusu kuongezeka kwa malaria katika nyanda za juu, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulidai kwamba joto la hapa halikuwa limebadilika. Mwaka 2011 watafiti wengine walichambua vipimo vya kituo cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa cha Kericho, vya kuanzia 1979 hadi 2009. Waligundua kwamba joto lilikuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila mwongo. Bila shaka malaria ina sababu nyingine pia, lakini dai kwamba joto halijabadilika lilivunjika.

Kipimajoto, hata hivyo, hakitaji mshtakiwa. Mshtakiwa hujulikana kwa kuipima hewa yenyewe. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa za kabonidioksidi. Leo zimepita 420. Gesi hii, pamoja na methani na nyinginezo, huruhusu mwanga wa jua kuingia lakini huzuia joto la ardhi kutoroka.

Shirika la Marekani la bahari na angahewa, NOAA, hukokotoa nguvu ya gesi hizo ya kuongeza joto. Mwaka 1750 huhesabiwa kuwa sifuri na 1990 kuwa moja. Kufikia 2023 nguvu hiyo ilikuwa 1.51. Yaani, iliyochukua miaka 240 kufika moja iliongezewa nusu nzima kwa miaka 33 pekee! Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Mkulima wa Bomet hakukijaza kibaba hiki. Viwanda na magari ya mataifa tajiri ndiyo yaliyotangulia. Lakini ndiye atakayeulizwa na mchai wake, zao linalodumu shambani kwa miongo mingi na lisiloweza kuhamishwa msimu mmoja ukiharibika.

Walimu wenzangu, tuanzie darasani. Tuwafunze wanafunzi kutenganisha hali ya hewa na tabianchi, na kila shule iweke kipimajoto, kipimamvua na daftari. Ubishi wa Kericho ulikatwa na watu waliosoma kipimajoto kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka.