Kosa si la Nywele

Methali yetu isemayo "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" imefasiriwa kwa miaka mingi kuwa onyo juu ya misiba: likimpata jirani, nawe jiweke tayari. Maana hiyo ni sahihi wala sina ugomvi nayo. Lakini wafasiri wa methali wana haraka ya kuikimbilia maana ya ndani, hata ile ya nje ikaachwa mlangoni kama viatu. Methali haikusema mwenzako akinyolewa noa wembe, wala haikusema tafuta wembe wa pili na wa tatu. Ilisema tia maji. Wenye kuitunga walikuwa watu walionyolewa kwa chuma kilichonolewa juu ya kinoo, nao walijua kwa ngozi zao ya kwamba kichwa kikavu huumia na kichwa kilichorowa husalimika. Maarifa haya, ambayo yalikuwa ulimini mwetu kabla ya kuandikwa katika kitabu chochote, tumeyaacha. Badala yake tumenunua vinyoleo vyenye nyembe tano na povu la mkebe, na malipo yake yanaonekana kila asubuhi katika videvu vya vijana waketio mbele yetu madarasani: vipele, madoa meusi, na kwa wengine makovu yaliyovimba yasiyotoka tena.

Wako wasemao ya kwamba kunyoa ni jambo dogo mno kwa jarida la wasomi. Hao siwajibu kwa urefu. Mtu ambaye hugusa uso wake kwa chuma kikali mara mia mbili au mia tatu kwa mwaka, bila kujua afanyalo, hana haki ya kuliita jambo hilo dogo. Wako wengine, nao ni wengi zaidi na ni wa hatari zaidi, wasemao ya kwamba vipele ni maumbile ya mtu mweusi: nywele zetu zimejikunja, basi hapana dawa, tuvumilie. Hoja hii ndiyo niipingayo, kwa kuwa inambebesha mtu lawama ya kifaa.

Tutazame jinsi kipele kinavyozaliwa. Unywele wa kidevu cha wengi wetu hutoka katika kinyweleo kilichopinda, nao huota kwa kujikunja. Ukikatwa kwa mshazari huachiwa ncha kali kama ya sindano, na ukikua hujipinda na kurudi kuichoma ngozi iliyo jirani. Huo ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni mbaya zaidi. Unywele ukivutwa kwanza ndipo ukakatwa, kilichobaki hurudi kujificha chini ya ngozi. Ukianza kukua tena hauoni njia ya kutokea, basi hutoboa ukuta wa kinyweleo kutoka ndani. Mwili huuona unywele huo kuwa mwiba, hupigana nao, na mapigano hayo ndiyo uvimbe, usaha na doa jeusi. Katika Marekani, ambako maradhi haya yamechunguzwa sana, makadirio yaliyochapishwa hutaja kati ya wanaume 45 na 83 katika kila 100 wenye asili ya Afrika. Hesabu kubwa namna hiyo yaweza kumdanganya mtu akadhani ameona maumbile. Lakini neno moja litoshe kuivunja hoja ya maumbile: watu hao hao wakiacha kunyoa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, vipele vya wengi wao hupungua au kutoweka, na nywele ni zile zile. Kilichoondoka ni wembe.

Sasa nani alifanya kuuvuta unywele kabla ya kuukata kuwa sifa ya kutangazwa? Katika 1903 kampuni ya King Camp Gillette wa Marekani ilianza kuuza kinyoleo cha wembe mwembamba wa kutupwa, na katika mwaka huo wa kwanza iliuza vinyoleo 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vinyoleo vilipita 90,000. Hataza zake zilipokwisha katika 1921, wembe wa namna hiyo ukawa mali ya ulimwengu. Hata leo wembe wa makali mawili utokao katika kiwanda hiki huingia katika kinyoleo cha kiwanda kile, na kwa sababu hiyo bei yake imebaki ndogo. Hapo palikuwa na tatizo kwa muuzaji, wala si kwa mnyolewaji. Katika 1971 zikaja nyembe mbili katika kichwa kimoja. Katika 1998 zikawa tatu. Katika 2003 kampuni shindani ikaleta nne. Katika 2006 zikawa tano. Kichwa cha kampuni moja hakikubali mpini wa kampuni nyingine, na mnunuzi akisha kuuchukua mpini amekwisha funga ndoa. Kazi ya nyembe hizo ilielezwa waziwazi na wenyewe: wa kwanza hunasa unywele na kuuvuta, wa pili huukata chini zaidi kabla haujarudi. Soma tena maneno yangu juu ya mlango wa pili, ndugu msomaji, uone kama kuna tofauti. Kwa mtu ambaye unywele wake umenyooka, huo waweza kuwa ulaini wa saa chache. Kwa mtu ambaye unywele wake umejikunja, ni mtego uliotegwa kwa ustadi. Katika 1975 kipindi kimoja cha mzaha katika televisheni ya Marekani kilibuni tangazo la uongo la kinyoleo cha nyembe tatu ili kuwacheka watu wanaoamini kila waambiwalo. Miaka 23 baadaye mzaha ule ukauzwa madukani kwa bei ya juu.

Najua jibu nitakalopewa. Uko uchunguzi uliochapishwa Marekani katika 2013, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo watumishi wa mwenye kutengeneza nyembe, uliosema ya kwamba kunyoa kila siku kwa nyembe nyingi hakukuzidisha vipele kwa wanaume weusi waliofuata utaratibu mzuri. Naukubali bila taabu. Maana utaratibu mzuri ndio nisemao: uso ulioandaliwa kabla na kutunzwa baadaye. Kama wembe wa bei kubwa hauna madhara mpaka maandalizi yatimie, na maandalizi yakitimia wembe wa bei ndogo unatosha, basi fedha ile ya ziada imelipiwa nini?

Nirudi kwenye maji. Unywele mkavu ni mgumu ajabu kwa unene wake. Ukikaa katika maji ya vuguvugu dakika mbili au tatu, huyanywa, hufura, na kukatika kwake huhitaji nguvu ndogo zaidi. Hapana mafuta wala povu litakalofanya kazi hiyo badala ya maji. Kwa hiyo mtu anyoe baada ya kuoga, au aweke uso kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika. Ni dakika tatu tu, na ndizo zikosekanazo kuliko fedha.

Juu ya sabuni watu wetu wamepotea kabisa. Wengi hunyolea sabuni ya kuogea, na bwenini nimesikia sabuni ya mche ikisifiwa kwa kazi hiyo. Sabuni ya mche ilipikwa kwa kostiki soda ili itoe mafuta na uchafu katika nguo, na ngozi yako haikuumbwa kuwa shuka. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa shabaha nyingine: ikamate maji usoni na kuuwekea wembe utelezi. Kwa hiyo mpishi wake huchanganya sodiamu na potasiamu. Sodiamu huipa ugumu, na potasiamu huilainisha iyeyuke upesi. Mafuta yake hutakiwa yawe na asidi ya steariki kwa wingi, kama yalivyo mafuta ya ng'ombe, ya kakao na ya shea, kwa kuwa asidi hiyo ndiyo iletayo povu zito la vipovu vidogo mno, lisilokauka kabla ya kazi kwisha. Mafuta ya nazi hutoa povu jingi na kwa haraka, jambo lipendezalo macho, lakini vipovu vyake ni vikubwa na hupasuka, na yakizidi huikausha ngozi. Yafaa yawemo kwa kiasi. Gliserini iwemo pia, nayo hushika unyevu. Basi mnunuzi asome karatasi ya nje: viungo hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi hutajwa kwanza, na asidi ya steariki au sabuni ya potasiamu ikiwa mwanzoni mwa orodha, hapo pana matumaini. Harufu isimshawishi. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini huiwasha ngozi iliyotoka kunyolewa, na sisemi hivi kwa kuwachukia wakulima wa Pemba.

Liko tena jambo la maji yenyewe. Visima vya Unguja na vya pwani yetu vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa, na chokaa hupambana na sabuni: badala ya povu hutokea utando mweupe ung'ang'aniao bakuli. Watu hulaumu sabuni wakaitupa. Ijaribiwe kwanza kwa maji ya mvua, kikombe kimoja tu, kabla ya kuhukumiwa.

Povu la mkebe halina hata nafasi ya kushtakiwa kwa haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Huuficha uso, haliurowesi. Povu la kweli hufanywa kwa burashi iliyorowa, izungushwe juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha maji yaongezwe matone machache machache mpaka povu liwe kama mtindi mzito na ling'ae. Mwanafunzi akikosa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kosa ni uchache wa maji. Katika kuchagua burashi, Mwislamu aangalie: nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na mara nyingi muuzaji hasemi. Za nyuzi za kiwandani siku hizi ni nzuri, hukauka upesi, nazo hazina neno.

Kunyoa kwenyewe kuna adabu yake. Kwanza mtu apapase kidevu na shingo kwa vidole ajue nywele zimelalia wapi, maana shingoni hulala kila upande, na shingo ndiko vipele vinakozidi. Wembe uelekezwe kwa kadiri ya nyuzi 30 juu ya ngozi. Uzito wa kinyoleo chenyewe utoshe. Mkono uongoze tu, usikandamize. Mkono uliozoea kichwa cha nyembe tano hukandamiza bila kujijua, kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya kuwa mpole. Ngozi isivutwe sana, kwa sababu kuivuta ni kuufungua tena mlango wa pili. Afuate zilivyolala nywele, apake povu upya, na akitaka kurudia apite kwa upande. Kwenda kinyume, mwenye nywele za kujikunja akuache kabisa. Kidevu kikibaki na ukwaru kidogo hilo ndilo tutakalo, maana unywele ubakio juu ya ngozi hauwezi kupotea ndani yake. Akimaliza, maji baridi, kisha kipande cha shabu, ambacho vinyozi wetu walikijua tangu zamani. Baada ya kunyoa mara nne au tano wembe ubadilishwe, na ule mkuukuu utiwe katika mkebe uliofunikwa, maana mchukua taka naye ana vidole. Wala mtu asimwazime mwenziwe wembe. Virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi husafiri katika damu isiyoonekana kwa macho.

Kwa wengine haya yote hayatatosha. Wako ambao ngozi yao haikubali wembe wa namna yoyote, nao wangefaa kutumia mashine ya kinyozi iachayo unywele kiasi cha milimita moja, au wafuge ndevu. Hapo ndipo shauri hili linapotoka katika chumba cha kuogea na kuingia ofisini. Walinzi, askari, wahudumu wa hoteli, na mara nyingine vijana waendao usailini, huambiwa kidevu kiwe kama yai. Katika 1993 mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa hoja ya kampuni moja ya kuuza piza iliyowazuia wafanyakazi wake ndevu, kwa kuwa amri hiyo iliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine na kampuni haikuweza kuonyesha ya kwamba biashara yake iliihitaji. Sisi, ambao kwetu mwenye nywele za kujikunja ndiye wa kawaida, tumeirithi amri ile ile na kuitukuza kwa jina la nidhamu. Afisa anayeitoa aeleze ni kazi gani itaharibika kwa milimita moja ya ndevu. Akishindwa kueleza, basi awape vijana wake maji ya moto, sabuni iliyo sabuni, na robo saa ya kunyoa kabla ya gwaride. Na asipoweza hata hayo, asimwulize yeyote kati yao kwa nini uso wake umevimba.