Bibi Harusi Laivu, Mama na Maiki Yake

Wadau, hii ya sendofu ya yule staa wetu wa Bongo Fleva siwezi kuinyamazia. Mama mtu kashika maiki anampa mwanawe wosia, sauti inatetemeka, machozi yanamtoka. Bibi harusi yeye yuko laivu Instagram! Anasoma komenti, anacheka, "nawaona wa Mwanza, nawaona wa Oman." Mama ikabidi anyamaze kwanza, amsubiri.

Eti timu yake inasema alikuwa anatunza kumbukumbu. Kumbukumbu gani jamani? Wapiga picha walijaa pale ukumbini na walishalipwa. Kazi yake yeye ilikuwa moja tu, kumsikiliza mama yake.

Na msiniletee habari za biashara. Tangazo la mawigi lingesubiri kesho yake. Ule wosia mama hakuuandika popote, ulitoka moyoni pale pale. (Mkirudia ndoa hayo ni yenu.)

Nyie mliobaki mle kurusha makopakopa na "nisalimie na mimi" pia mna kesi. Mlimwona mama wa watu amesimama pale, mkaendelea tu.

Haya, mashabiki wake njooni mnitukane, nimewazoea. Ila mje na jibu: siku ile mama alimwambia nini?