Jina la Mchezaji Liandikwe

Gazeti hili hutuletea habari za mishahara, bei ya unga na mambo ya serikali, na habari za mpira huwekwa pembeni chini kabisa, mahali pa kufungia sabuni. Leo naomba nafasi kubwa kidogo. Neno langu ni juu ya mpira, lakini ni neno la mali na la haki pia.

Kila Jumatatu, kabla kalamu haijagusa karatasi, ofisini kwetu huwa ni baraza. Mimi ni mtu wa DC Virunga, sifichi. Mwenzangu wa meza ya pili ni mtu wa Dauphin Noir, na mlinzi wa mlangoni ni wa AS Kabasha, naye hupiga kelele kutushinda sote wawili. Tukimaliza za Goma twaingia Lubumbashi. Huko mimi nawapenda Saint-Éloi Lupopo, timu iliyozaliwa mwaka 1939 kati ya watu wa reli, ijapokuwa vikombe vya Afrika vimejaa kwa Mazembe: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mtu apenda timu ya wafanya kazi wenzake, hata ikimliza. Na Mazembe ilipoipiga Internacional ya Brazil goli 2 kwa 0, Desemba 2010, ikaingia mchezo wa mwisho wa klabu za dunia, nani katika sisi alikumbuka kwamba ni mpinzani? Tulicheza wote mpaka usiku.

Basi, mabishano hayo ni matamu, nami siyakatazi. Lakini twabishana juu ya majina ya mbali, na majina ya karibu hatuyajui. Muulize mpenzi wa Mazembe, atakutajia Kidiaba na Kaluyituka na kikosi chote cha mwaka 2010 bila kumeza mate. Muulize kikosi cha vijana wetu waliocheza Jumapili iliyopita, atakwambia: "Yule mrefu, yule wa kushoto, yule mtoto wa mama wa samaki."

Hapa Vitshumbi mpira unachezwa na watu waliochoka. Kijana alikuwa ziwani usiku kucha. Asubuhi mtumbwi unarudi, samaki wanahesabiwa, korongo wale wakubwa wenye vipara wanangoja matumbo ya samaki kama wazee wanaongoja pombe. Kijana anatengeneza nyavu, anakula, analala saa mbili au tatu. Saa kumi ya jioni anaitwa mazoezini. Halafu bwana mmoja aliyeshinda kivulini anamwita mvivu kwa kuwa hakukimbia dakika za mwisho! Nasema kiongozi wa timu asiyejua ni nani aliyekuwa majini usiku hafai kupanga kikosi. Awaulize kwanza. Aliyetoka ziwani aanzie kwenye benchi, aingie kipindi cha pili. Na kiwanja tuwe tumekiacha kabla ya giza, maana viboko nao wana njia zao za kupanda kula majani, wala hawangoji filimbi ya refarii.

Katika timu za migodini ugonjwa ni mwingine. Huko kikosi hupangwa kwa ukoo na kwa cheo. Mshambuliaji ni shemeji wa mkubwa wa zamu. Golikipa ndiye mwenye mpira, ukimtoa anakwenda nao nyumbani. Dawa ni rahisi: majina ya kikosi yabandikwe ubaoni siku mbili kabla ya mchezo, kila mtu ayasome. Jina lililobandikwa hadharani lina haya. Jina la kunong'onezwa asubuhi ya mchezo halina.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ninalolitaka ni daftari.

Ninyi mliofanya kazi machimboni mwajua: mahali panapofuatwa utaratibu, mfuko wa kasiterite au wa koltani hautoki bila kibandiko chenye namba. Unatiwa namba shimoni, unaandikwa, unatiwa namba tena kwa mnunuzi, unaandikwa tena. Nanyi wa pwani mwajua kwamba kila mtumbwi unaoruhusiwa ziwani una namba yake ubavuni. Usipokuwa nayo, walinzi wa Hifadhi ya Virunga wataukamata. Mfuko wa mawe una karatasi, mtumbwi wa mbao una karatasi. Kijana aliyefundishwa mpira miaka sita katika mchanga wetu huondoka siku moja juu ya gari la samaki, hana hata mstari mmoja wa kusema alitoka kwa nani. Sisemi kijana ni bidhaa, Mungu apishe mbali. Nasema hata bidhaa zinaheshimiwa kuliko yeye.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye fedha. Chama kikuu cha mpira cha dunia, FIFA, kiliweka sheria mwaka 2001. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za bei hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea, tangu mwaka anaotimiza miaka 12 mpaka mwaka anaotimiza 23. Kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, klabu iliyomlea hupata sehemu 5 katika 100 za fungu hilo. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23, sehemu 10.

Tufanye hesabu kama makarani. Kijana wa hapa anakwenda Goma akiwa na miaka 18, anakwenda Lubumbashi, kisha anauzwa Ubelgiji kwa dola 1,000,000. Fungu la walezi ni dola 50,000. Timu iliyokuwa naye tangu miaka 12 hadi 15 yapata dola 2,500 mara nne, yaani 10,000. Ikiwa alikaa hapo hapo miaka ya 16 na 17, yaongeza 5,000 mara mbili. Jumla ni dola 20,000, haki ya timu ya mwaloni, wala si sadaka. Na sheria hiyo hulipa kila anapouzwa tena nje ya nchi, si mara ya kwanza tu. Tena kuna malipo mengine ya malezi, kijana anapotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kazi ya mpira.

Lakini fedha hiyo haiji kwa anayelia. Huja kwa aliyeandikwa. Timu lazima iwe imejiandikisha katika chama cha mpira cha mahali pake, ijulikane na ligi ya mkoa, LIFNOKI, na shirikisho la taifa, FECOFA. Mchezaji lazima awe na leseni ya kila mwaka kwa jina lake la kweli. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya malipo huko Paris, na habari za kila mwaka wa mchezaji hukusanywa na kufanywa kama pasi yake: alikuwa wapi, tangu lini, mpaka lini. Mwaka usiokuwa na karatasi ni mwaka mtupu. Hakuna mtu wa Paris atakayeshuka Rwindi kuuliza akina mama wa sokoni.

Wengine watasema: karani huyu anaota, vijana wetu watauzwa na nani? Mimi nawauliza, Wakongo wanauzwa tangu lini? Léon Mokuna alichukuliwa na Sporting ya Lisbon mwaka 1954, uhuru bado haujaja. Mwaka 1957 Bonga Bonga alikuwa Standard ya Liège. Leo hakuna ligi kubwa ya Ulaya utakayoitazama usione jina la mtu wa kwetu. Wote hao walianza mahali fulani, na mahali hapo mara nyingi ni kiwanja chenye magoli ya miti.

Tena daftari lamlinda mchezaji mwenyewe. Mwaka 2021 klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba kijana aliyejulikana kwao kama Silas Wamangituka jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na alikuwa mkubwa kwa mwaka mmoja kuliko karatasi zake zilivyosema. Ilielezwa kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyemgeuzia jina. Fikirini: kijana amefunga magoli, watu wanamshangilia kwa jina la mtu asiyekuwapo! Akafungiwa miezi mitatu. Na jina likigeuzwa, klabu iliyomlea itadai kwa jina gani? Chancel Mbemba naye, miaka ya 2013, magazeti ya Ulaya yalimwandama kwa sababu karatasi zake zilikuwa na tarehe za kuzaliwa zaidi ya moja. Ndiye huyu huyu aliyefunga goli la kuitoa Cameroon Novemba 2025, na siku tatu baadaye akapiga penalti ya mwisho iliyoitoa Nigeria. Mtu mwaminifu wa kazi yake namna hiyo aliulizwa miaka mingi kama yeye ni yeye.

Na kwetu majina ni msitu. Mtoto ana jina la nyumbani, ana la ubatizo, ana la kiwanjani alilopewa na wenzake kwa sababu ya mguu wake. Baba yake huenda ana karatasi za baada ya mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa katika Zaire, kwa hiyo jina la baba na la mwana hayafanani hata herufi. Siku ya kuzaliwa ndiyo balaa zaidi. Muulize mama, atakwambia: "Mwaka volkano iliposhuka." Ipi, mama? Nyiragongo ilishuka Januari 1977, ikashuka Januari 2002, ikashuka Mei 2021. Lakini msicheke. Mama akisema alikuwa na mimba kubwa moto ulipoingia Goma, karani mwenye akili anaandika: mwaka 2002, miezi ya kwanza. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Inafanywa mtoto akiwa na miaka 12 na mama yu hai, si siku wakala anapofika na simu mbili mkononi.

Daftari lenyewe si gumu. Jina kamili kama lilivyo kwenye karatasi ya kuzaliwa, jina la baba na la mama, mahali na siku ya kuzaliwa, namba ya leseni, siku aliyoingia timu, siku aliyotoka na amekwenda timu gani, picha ndogo, sahihi au dole gumba la mzazi. Liandikwe mara mbili, moja likae kwa mwandishi wa timu, jingine mbali kabisa na hapo, parokiani au shuleni. Na mwandishi wa timu asiwe mwenye timu. Mwenye timu akishika na fedha na daftari, mmempa kisu na nyama. Nimewahi kuona barua ya kumruhusu mchezaji kuondoka iliyotiwa sahihi na mtu mmoja chumbani kwake, wanachama hawana habari, na mzee wa kijana akapewa suruali moja na ahadi. Timu ni ya wanaolipa ada, hata kama ada ni faranga chache na samaki wawili.

Kwa nini narudia habari ya daftari la pili kukaa mbali? Kwa sababu twajua tunaishi wapi. Miaka hii watu wametawanyika. Goma ilipotwaliwa na M23 Januari 2025, na kabla ya hapo vijiji vya Rutshuru na Masisi kimoja baada ya kingine, vijana wa timu walikimbia kila mmoja na jamaa zake: mmoja Butembo, mwingine ng'ambo Uganda, mwingine hajulikani. Viatu vilibaki, mpira ulibaki, na kama daftari lilikuwapo, lilibaki. Leo mvulana wa miaka 15 anacheza katika kiwanja cha wageni, na kocha wa huko anasema, huyu nimemwokota. Hakumwokota. Alifundishwa na watu, na watu hao wana majina.

Februari 2024, huko Abidjan, Leopards walisimama mbele ya dunia kabla ya kucheza na Côte d'Ivoire, wakafunika vinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Walishindwa goli 1 kwa 0, lakini sisi tulielewa walikuwa wakisema habari za nani. Nchi nzima iliwajua mmoja mmoja, jina na namba ya mgongoni. Mimi nataka mvulana wa mwaloni ajulikane namna hiyo, na kwao ajulikane kwanza.

Tena nina hamu moja ya mpenzi wa mpira, mnisamehe. Mchezo ninaoutamani kuliko yote si wa Kinshasa wala wa Lubumbashi. Ni wa pwani tatu, Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, kila mmoja nyumbani na ugenini, vikosi vimebandikwa ubaoni, leseni mezani kwa refarii. Njia zikifunguka, huo ndio mchezo nitakaoombea ruhusa kazini.

Viongozi wa timu za mgodini na za pwani wasingoje mkutano wa wakubwa. Waje Jumapili baada ya misa na orodha zao, hata zikiwa kwenye karatasi ya sigara. Karatasi ya mistari ninayo, wino ninao, na mwandiko wangu wasomaji wa malipo ya kila mwezi wanaujua. Tutaanza na walio na miaka 12.