Uso wa Mfalme Ukutani

Siku hizi picha za Mfalme Meiji wa Japani na mkewe hunakiliwa na kuuzwa kama mapambo, na apendaye huzitundika sebuleni kwake bila kumwomba mtu ruhusa. Mashavu yana wekundu kidogo, na tarizi za dhahabu zang'aa kifuani. Utadhani kamera ndiyo iliyoyaona hayo yote.

Sivyo. Kamera ya mwaka 1872, Uchida Kuichi alipompiga picha Mfalme huyo akiwa kijana wa miaka 19, haikujua rangi. Picha za wakati ule zilichapwa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi, kisha dawa ya fedha, zikatoka na rangi ya hudhurungi. Wekundu na dhahabu vilitiwa baadaye na fundi aliyeinama juu ya karatasi kwa brashi nyembamba, akipaka rangi za maji kidogo kidogo. Jina la mpiga picha limehifadhiwa; la mpaka rangi, mara nyingi, halikuandikwa. Nami naona hapo fundi amedhulumiwa.

Mwaka 1873 Uchida alimpiga Mfalme tena, safari hii amekata nywele na kuvaa sare ya kijeshi ya Kizungu. Nakala zikaanza kuuzwa, na mwaka 1874 serikali ikapiga marufuku biashara hiyo. Uso wa Mfalme haukuwa bidhaa.

Wala jambo hilo halikuwa mzaha. Picha nyingine, ambayo kwa kweli ilikuwa picha ya mchoro wa Mwitaliano Edoardo Chiossone wa mwaka 1888, ilipelekwa mashuleni, na watoto wakafundishwa kuinama mbele yake. Mwaka 1898 shule moja mjini Ueda iliungua, picha hiyo ikateketea, na mwalimu mkuu akajiua. Mwanawe, Kume Masao, alikuwa mvulana mdogo. Alipokua akawa mwandishi, na kifo cha baba yake akakiandikia hadithi. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, picha za namna hiyo ziliondolewa mashuleni.

Basi ukitaka kununua nakala ya zile za Uchida zilizotiwa rangi, usimwamini muuzaji akuambiaye kwamba rangi ni za kamera. Itazame kwa karibu, pembezoni mwa mapambo ya dhahabu. Huenda ukaona mahali ambapo brashi imevuka mstari kidogo.