Ugaga Hauyeyuki kwa Vidonge

Juma lililopita nilimsikia redioni muuzaji wa vidonge vya lishe akiwahubiria wenye kisukari kwamba fizi zitokazo damu ni alama ya upungufu wa vitamini, na kwamba mwenye kumeza vidonge vyake asubuhi na jioni hana haja ya kwenda kukwanguliwa meno. Nilighadhibika, na ghadhabu hiyo haijanitoka, kwa kuwa maneno hayo husikika sokoni na barazani, hata kwa watu waliosoma, yakinenwa kwa yakini kama jambo lililokwisha kuthibiti.

Asili ya itikadi hii ni kiseyeye, maradhi ya upungufu wa vitamini C ambayo kweli huzitoa fizi damu. Mwaka 1747 tabibu James Lind, katika merikebu ya Salisbury, aliwapa mabaharia wawili wagonjwa machungwa na malimau, nao wakapata nafuu upesi kuliko wenzao. Lakini kiseyeye ni maradhi ya mtu aliyekaa baharini miezi mingi bila ya tunda. Mwenye kisukari wa Tanga, ambaye machungwa ya Muheza hupitishwa mlangoni pake kwa matoroli, ana maradhi mengine kabisa. Ukoga uliolala baina ya jino na ufizi umegeuka ugaga mgumu usioondoka kwa mswaki, vijidudu vimefanya maskani chini yake, na sukari iliyozidi katika damu imewadhoofisha askari wa mwili waliopaswa kuvifukuza. Kisha fizi huvimba, na uvimbe huo nao huifanya insulini ishindwe kazi yake, sukari ikazidi kupanda. Harald Löe, ambaye mwaka 1965 huko Aarhus, Denmaki, alionyesha kwamba watu wenye siha wakiacha kusafisha meno fizi huvimba katika muda wa majuma machache, na wakirudia kuyasafisha hupona, ndiye aliyeandika mwaka 1993 kwamba maradhi ya fizi ni tatizo la sita litokanalo na kisukari.

Wauzaji hukimbilia tafiti: mafuta ya samaki, vitamini D, gundi ya nyuki. Wanalolificha ni kwamba katika mengi ya majaribio hayo wagonjwa wote, waliopewa vidonge na wasiopewa, hukwanguliwa meno kwanza. Kidonge kilifuata nyuma ya chuma cha tabibu, hakikutangulia wala hakikushika mahali pake. Basi kwa insafu gani mtu akate nusu ya habari, auze nusu iliyobaki? Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022, uliokusanya majaribio 35, ulionyesha kwamba kusafisha chini ya ufizi hushusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa kadiri ya pointi 0.4 za asilimia. Ugaga ukibaki, maradhi yamebaki, hata mgonjwa ameze duka zima.

Huambiwa pia kwamba vidonge hivi havidhuru, maana vimetokana na mimea. Mnanaha wenye sumu nao ni mmea, wala hakuna mwenye akili aupikaye mchuzi. Na vitamini C ikimezwa kwa wingi huweza kuvihadaa baadhi ya vipimo vya sukari vya kidole, vikaonyesha sukari kubwa kuliko iliyopo, ilhali kwa namba hiyo hiyo mgonjwa hujipimia insulini.

Na lawama nyingine lazima niiseme. Nimewasindikiza wazee wa aila yangu kliniki za kisukari, nikaona wakitazamwa miguu, wakipimwa shinikizo la damu, wakiulizwa habari za macho, wala hakutokea hata mmoja wa kuwaambia wafungue vinywa. Na wapelekwapo kwa tabibu wa meno, aghalabu hupokewa na koleo, kana kwamba tiba ya jino ni kuling'oa tu. Nataka swali moja liandikwe katika kadi ya kila mwenye kisukari: je, fizi zako zinatoka damu? Akijibu ndiyo, apelekwe siku hiyo hiyo akakwanguliwe, kabla mwenye makopo ya vidonge hajamlaki langoni.