Je, Padri Asichekwe?

Swali hili si langu. Nimelisikia katika mashirika yetu ya milimani Masisi, nimelisikia tena kwa Wakristu wa Walikale waliokimbilia Goma, na kila mara lajibiwa upesi mno. Mtu auliza: Yafaa vijana wacheze mchezo wa kuchekesha juu ya dini na viongozi wa dini? Mara katekista asimama: "Haifai! Mtumishi wa Mungu haguswi!" Watu wainamisha vichwa, sala ya mwisho yasaliwa, basi, shauri limekwisha. Mimi nasema shauri halijaanza.

Nitaeleza kwanza niliyoyaona. Mwaka 2023 nilikuwa katika kambi moja ya wakimbizi karibu na Goma, wengi wao watu wa Masisi. Jumapili jioni vijana watatu walikusanya watu mahali penye nafasi kidogo kati ya maturubai, wakaanza mchezo.

Wa kwanza alivaa koti kubwa kupita mwili wake, akashika daftari la mtoto kana kwamba ni Biblia. Alikuwa mhubiri wa miujiza. Aliwaahidi akina mama kwamba kila turubai litageuka nyumba ya mabati, mradi mtu atangulize sadaka ya mbegu. Na asiye na franka alete unga wake wa msaada. Mama mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Aliujua mchezo huo vizuri, maana unga wake ulikuwa umekwisha kwenda kweli.

Wa pili alikuwa "padri". Hakuiga Misa hata kidogo. Aliiga matangazo tu: mchango wa paa, mchango wa gari, mchango wa sikukuu, mchango wa kumpokea mgeni, halafu mchango wa wale ambao hawajatoa mchango. Mwenzake aliyekuwa "mwamini" akasinzia, akaota, akaamka, na matangazo yangali yakiendelea. Watu walitokwa na machozi kwa kicheko. Nami nilicheka, sifichi. Lakini katekista aliyeketi karibu nami hakucheka. Aliinuka akamkaripia yule kijana mbele ya wote, akamwambia ataandikwa na hatapokelewa tena katika kwaya.

Ndipo akaingia wa tatu, apate kumwokoa mwenzake. Naye alikuwa "padri", lakini hakuwa na neno juu ya matangazo wala juu ya gari. Aliiga tu jinsi watu wa kabila fulani wanavyotamka Kiswahili, na jinsi wanavyotembea, na pua zao. Nusu ya watu walicheka. Nusu walinyamaza. Niliona jirani waliokuwa wameketi mkeka mmoja wakitazamana. Na katekista? Alikuwa amekwisha keti. Hakusema neno.

Tangu siku ile sikubali tena jibu lile la upesi. Tumemkaripia kijana asiyestahili, na yule aliyestahili tukamwacha.

Wanaosema mtumishi wa Mungu haguswi hupenda kutaja habari ya nabii Elisha katika kitabu cha pili cha Wafalme: watoto walimdhihaki, na dubu wawili wakatoka msituni wakawararua watoto 42. Habari ya kutisha kweli. Lakini isomeni vema. Watoto wale walicheka nini? Walicheka upara. Hawakucheka tendo ovu la Elisha, walicheka kichwa chake, jambo ambalo hakulichagua. Na huyo Elisha alifundishwa na nani? Na Elia, ambaye juu ya mlima Karmeli aliwacheka manabii 450 wa Baali mbele ya watu wote, akawahimiza wapige kelele zaidi, huenda mungu wao amelala au yuko safarini. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia Mafarisayo kwamba wanachuja mbu na kumeza ngamia. Hebu mtazameni mtu yule mwenye kanzu ndefu akijaribu kummeza ngamia, na nundu imekwama kooni! Nadhani waliomsikiliza siku ile hawakukunja nyuso.

Tena msiniambie kwamba dhihaka ya namna hii imeletwa na Wazungu au na simu. Nendeni Walikale mwulize. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, mwimbaji mashuhuri wa Kinyanga, alisimulia utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Aliimba, alicheza, aliiga kila mtu, na watu walimjibu na kumpa zawadi. Mbelgiji Daniel Biebuyck aliyaandika maneno yake, na mwaka 1969 yakatolewa kitabu pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga. Ni nini kimo ndani? Shemwindo, mtemi wa Tubondo, akataza wake zake saba wasimzalie mtoto wa kiume. Mtoto azaliwa hata hivyo, tena azaliwa akisema na kutembea. Mtemi mzima, mwenye ngoma na wazee wa baraza, afukuzwa na mtoto mdogo, akimbia mpaka kuzimu na kujificha. Mwindo amfuata huko, na Muisa mwenyewe, mkuu wa kuzimu, apigwa kwa mchapo wa mkono wa mtoto. Mwisho baba arudishwa nyumbani, aungama kosa lake mbele ya watu wake, na ufalme wagawanywa.

Hivyo wazee wa Walikale waliwacheka watemi na wenye nguvu za kuzimu, wala dunia haikubomoka. Lakini hawakuishia hapo. Mwindo naye apata majivuno, aua joka, na Nkuba, radi, amchukua juu mbinguni mwaka mzima, apigwe na jua, mvua na baridi mpaka ajue yeye ni nani. Arudipo awapa watu sheria. Mojawapo ni kwamba wasimcheke kilema apitaye kijijini. Nyingine ni kwamba watu wamche mtemi, na mtemi naye awache watu. Kwangu mimi sheria hizo mbili zatosha kumwongoza mchekeshaji yeyote, na ni ajabu kwamba hatuzifundishi katika katekesi zetu. Mkubwa aweza kuchekwa kwa tendo lake. Kilema asichekwe kwa mwili wake. Ndilo jambo lile lile la upara wa Elisha.

Sisi Wakristu tuna unafiki kidogo katika habari hii, afadhali tukiri. Katika shule nyingi za misioni zamani, siku za sikukuu, wanafunzi walicheza mchezo wa mganga wa kienyeji. Aliingia na pembe na manyoya, akapiga ramli, akadai mbuzi, kisha akakimbia panya. Tulicheka sote, na walimu walikuwa wa kwanza kupiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama tunaidhihaki dini ya mtu. Leo kijana akituvisha sisi pembe zile, twasema ni kufuru. Mganga alidai mbuzi, na sisi tumedai nini?

Wengine watasema: Padri akikosa, aonywe kwa siri na kwa heshima. Sawa. Hata sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, yasema kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wajibu, kuwaambia wachungaji mawazo yao juu ya mema ya Kanisa. Lakini nani huko vijijini hufanya hivyo? Mjane wa Rubaya ambaye mwanawe yumo shimoni akichimba koltani, je, atabisha mlango wa nyumba ya mapadri aseme: Padri, michango imezidi? Hathubutu. Katekista hathubutu. Baraza la parokia lashauriana juu ya rangi ya vitambaa. Basi kijana mwenye koti la kuazima asema badala ya mjane, na padri mwenye akili asikia. Kiongozi asiyechekwa kamwe hugeuka mtemi mdogo, na watemi wadogo tunao wa kutosha, wengine na bunduki. Tukumbuke pia mwaka 1972, Mobutu alipolifungia gazeti la Wakatoliki, Afrique Chrétienne, kwa sababu halikuimba wimbo wake. Kanisa lililofungwa mdomo namna ile lisiwe jepesi kuufunga mdomo wa mtoto wake.

Je, basi, kila kitu kichekwe? Hasha!

Padri ni mtu, lakini Sakramenti si mali ya padri. Anayeiga matangazo amgusa padri. Anayechezea Hostia hamgusi padri hata kidogo. Amgusa yule bibi aliyetembea saa nne kwa matope apate kukomunika. Hivyo anayejiona shujaa kwa kuwacheka wakubwa, kumbe amempiga mdogo kuliko wote. (Masimulizi ya zamani yasema kwamba Genesio, mchekeshaji wa Roma, aliuchezea ubatizo mbele ya kaisari Diokletiano, na katikati ya mchezo akaamini kweli, akafa shahidi. Kanisa likamfanya msimamizi wa waigizaji. Neema hupita pengine pasipo mlango. Lakini sishauri mtu aijaribu njia hiyo.)

Na vitu vitakatifu vya wengine ni vilevile. Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana kitoto juu ya Kurani, na mmoja akainajisi. Ubishi wa watoto tu! Siku chache baadaye makanisa yalivunjwa na kuchomwa. Wale waliochoma walikosa vibaya, nami siwatetei. Lakini anayechokoza kwa mchezo hajui nani atalipa, na mara nyingi hulipa mtu asiyekuwapo.

Vijana nao wakumbuke kwamba upadri katika nchi yetu si koti la kuazima. Tarehe 8 Aprili 2018 padri wa parokia ya Kitchanga, katika Masisi yetu hii, alipigwa risasi akafa, muda mfupi baada ya kusoma Misa. Wapo wengine waliobaki na watu wao wakati ambapo wenye magari walikuwa wamekwisha kwenda. Cheka matangazo yake, kijana, lakini ujue unamcheka nani.

Sasa narudi kwa yule wa tatu, maana ndiye aliyenifanya niandike. Nasema wazi: mchezo wake ulikuwa mbaya kuliko mingine yote, hata kama hakutaja Mungu, wala Misa, wala Papa. Kanzu ya padri ilikuwa kisingizio tu. Aliyechekwa hakuwa padri bali ni mama yake padri, na ukoo wake, na wote waliozaliwa kama yeye. Huko Ulaya mtu aweza labda kusema huo ni utani. Sisi hatuwezi. Tarehe 20 Machi 1993 vita vilianza sokoni Ntoto, katika Walikale, vikaenea Masisi nzima. Maelfu walikufa, na zaidi ya watu laki mbili waliacha nyumba zao. Sababu zake zilikuwa mashamba, na uraia, na siasa za wakubwa, najua. Lakini kabla ya panga yalitangulia maneno: nani mwenyeji, nani mgeni, nani ana pua gani. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Watrapisti kule Mokoto waliuawa kwa wingi. Hata nyumba ya sala haikuwalinda. Mtu aliyeona mambo hayo, akisikia matamshi ya kabila yakichekwa mbele ya watu, naye akae kimya, huku ameshughulikia heshima ya matangazo ya padri, huyo amepoteza kipimo.

Kuna na wenzetu wa upande wa pili, hasa wenye simu nzuri, wasemao kwamba mchezo ni mchezo tu na asiyependa asitazame. Hao sitakaa nao sana. Tarehe 14 Juni 2024 marehemu Papa Fransisko aliwakaribisha Vatikano wachekeshaji zaidi ya 100 wa nchi mbalimbali. Aliwaambia kwamba hata Mungu mtu aweza kucheka naye, kama tunavyotaniana na tunaowapenda. Watu wamelishika neno hilo moja na kulitangaza kila mahali. Lakini aliongeza kwamba isiwe kwa kuumiza imani ya watu, hasa ya maskini. Sehemu hiyo siioni katika simu zao.

Nashauri hivi. Sikukuu ya msimamizi wa parokia inapofika, vijana wapewe nafasi yao baada ya Misa, nje, si ndani ya kanisa. Wasiombwe kuonyesha mchezo wao kwanza kwa kamati. Kamati huua kila kicheko. Waambiwe tu mambo mawili: altare iacheni, na kabila la mtu liacheni. Mengine yote ni yenu. Na padri aketi benchi la mbele, si nyumbani kwake na wageni.

Makambi ya Goma yalivunjwa Februari 2025, watu wakatawanyika. Wale vijana sikuwaona tena, isipokuwa yule wa matangazo. Nilimkuta Sake akisukuma chukudu yenye magunia ya makaa. Nilimwuliza kama bado anacheza michezo yake, nikamwomba aje kwetu siku ya sikukuu. Alifuta jasho, akaniuliza kwanza: "Yule baba katekista naye atakuwapo?"